Hermann Josef Abs (1901–1994): Mwanabenki Mkatoliki na Madeni ya Ujerumani

Hermann Josef Abs alikuwa mwanabenki wa Ujerumani na mwamini mlei wa Kanisa Katoliki, aliyezaliwa mjini Bonn tarehe 15 Oktoba 1901 na kufariki dunia tarehe 5 Februari 1994 huko Bad Soden, karibu na Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 92. Aliiongoza Deutsche Bank, benki kubwa kuliko zote nchini mwake, kuanzia mwaka 1957 hadi 1967. Hata hivyo, jina lake limeingia katika historia hasa kwa kazi aliyoifanya kabla ya hapo: kuongoza ujumbe wa Ujerumani Magharibi katika mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa London wa Madeni ya Nje ya Ujerumani, uliotiwa sahihi tarehe 27 Februari 1953. Kwa mkataba huo, karibu nusu ya deni la taifa lile ilifutwa.

Tumeona vema kuyaandika maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, maparokiani mwetu wapo wengi wanaoikumbuka Jubilei Kuu ya Mwaka 2000, Kanisa lilipoomba nchi maskini zipunguziwe mzigo wa madeni. Ni wachache wanaofahamu kwamba waliolipigania jambo hilo walikuwa na mfano hai wa kuuonesha, na mfano huo ulikuwa Ujerumani yenyewe. Pili, maisha ya Abs hayasomeki kwa wepesi. Mtu huyuhuyu aliyelipatia taifa lake ahueni mbele ya wadai alikuwa amekaa kwenye meza za fedha za utawala wa Kinazi, na mkataba aliousaini uliwaacha watu wengi nje ya mlango. Hatuna nia ya kuuficha upande wowote kati ya hizo mbili.

Malezi na mafunzo

Abs alizaliwa katika familia ya Kikatoliki ya eneo la mto Rhine. Baba yake, Josef Abs, alikuwa mwanasheria aliyehusika pia na kampuni za uchimbaji wa makaa ya kahawia. Wakatoliki wa eneo hilo waliishi chini ya utawala wa Prussia, uliokuwa wa Kiprotestanti, na kumbukumbu ya mapambano ya Bismarck dhidi ya Kanisa katika miaka ya 1870 ilikuwa bado mbichi kwa wazee wao. Kwa hiyo walishikamana. Walifahamiana kwa familia, kwa vyama na kwa shule, na mshikamano huo utaonekana tena katika habari hii, kwani Konrad Adenauer, aliyekuja kuwa Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, alikuwa Mkatoliki wa eneo hilohilo na meya wa Köln tangu 1917 hadi Wanazi walipomwondoa mwaka 1933.

Kijana Abs alianza masomo ya sheria akayaacha, akaingia katika mafunzo ya kazi ya benki mjini Bonn. Miaka hiyo ilikuwa shule ngumu kuliko chuo chochote. Kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa zaidi ya marki trilioni 4, na akiba ya maisha ya mtu haikutosha kununua mkate. Abs alifanya kazi Köln, kisha Amsterdam, London na Marekani, akajifunza lugha na desturi za masoko ya fedha ya nje. Mwaka 1928 alimwoa Inez Schnitzler, na Mungu akawajalia watoto wawili. Mwaka 1929 alijiunga na benki binafsi ya Delbrück, Schickler & Co. mjini Berlin, na mwaka 1935 akawa mbia wake.

Mwaka 1931 mabenki ya Ujerumani yalitikisika, na wadai wa nje wakakubaliana kutodai fedha zao zote za muda mfupi kwa mara moja, la sivyo wasingepata chochote. Makubaliano hayo yalihuishwa mwaka hadi mwaka, na katika vikao vya namna hiyo Abs alijifunza sanaa iliyokuja kumpa jina: kuketi upande wa mdaiwa mbele ya wadai wengi wenye hasira, bila kuwadanganya na bila kuwaahidi kisicholipika.

Miaka ya utawala wa Kinazi

Tarehe 1 Januari 1938 Abs aliingia katika bodi ya utendaji ya Deutsche Bank akiwa na dhamana ya shughuli za nje ya nchi. Alikuwa na umri wa miaka 36. Hakuwa mwanachama wa chama cha Kinazi, na aliendelea kuishika imani yake waziwazi wakati jambo hilo halikumwongezea mtu cheo. Hayo ni kweli, na watetezi wake wameyarudia mara nyingi. Lakini cheo alichokikalia hakikuwa mahali pa mtazamaji.

Mwaka huohuo wa 1938 Deutsche Bank iliichukua benki ya Mendelssohn & Co. ya Berlin, nyumba ya fedha ya familia mashuhuri yenye asili ya Kiyahudi iliyoanzishwa mwaka 1795. Abs ndiye aliyeongoza mazungumzo. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba aliyaendesha kwa heshima kuliko ilivyokuwa kawaida ya siku zile; pamoja na hayo, mtu anayeuza mali kwa sababu sheria za nchi zimemfanya asiweze tena kuishi nayo hawezi kuitwa muuzaji huru. Baada ya Austria kumezwa na Ujerumani mwezi Machi 1938, Deutsche Bank iliinyoshea mkono Creditanstalt, benki kuu kuliko nyingine mjini Wien, na hapo pia Abs alikuwa mhusika mkuu. Jeshi liliposonga mbele, benki ilifuata nyuma.

Abs alikuwa pia mjumbe wa bodi ya usimamizi ya IG Farben, kampuni kubwa ya kemikali ambayo kuanzia mwaka 1941 ilijenga kiwanda karibu na Auschwitz na kuwatumikisha humo wafungwa wa kambi ya Monowitz, wengi wao hadi kufa. Auschwitz ni jina ambalo Wakatoliki wamelijua kupitia Mtakatifu Maximilian Kolbe na Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, yaani Edith Stein, mwanamke wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa mtawa wa Karmeli ya Köln. Baada ya vita viongozi 24 wa IG Farben walifunguliwa mashtaka huko Nürnberg, na Abs hakuwamo. Bodi ya usimamizi haiendeshi kiwanda, ndiyo. Lakini kazi yake, kama jina linavyosema, ni kusimamia. Abs alifahamiana na baadhi ya watu walioupinga utawala ule kwa siri, akawasikiliza, wala hakujiunga nao.

Wanahistoria waliopewa nafasi ya kuzichambua kumbukumbu za benki, akiwemo Harold James na mwandishi wa wasifu wake, Lothar Gall, hawamchori kama mshupavu wa itikadi. Wanamchora kama mtaalamu aliyeifanya kazi yake vizuri mno, katika mahali ambapo kufanya kazi vizuri kulikuwa tatizo lenyewe. Nasi tunaona hukumu hiyo ni nzito kuliko inavyosikika mara ya kwanza.

Kutoka gerezani hadi kwenye ujenzi

Vita ilipokwisha, Abs alikuwa Hamburg, katika ukanda uliokaliwa na Waingereza. Mwezi Januari 1946 alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa takriban miezi mitatu. Wachunguzi wa Kimarekani walipendekeza Deutsche Bank ivunjwe na viongozi wake washtakiwe kama wahalifu wa kivita. Benki ilivunjwa kweli, ikagawanywa katika taasisi kumi za mikoa. Mashtaka dhidi ya wakuu wake hayakufika mahakamani. Ujerumani ilikuwa magofu, Vita Baridi imeanza, na mtu aliyejua fedha za kimataifa alikuwa adimu.

Mwaka 1948 ikaanzishwa benki ya umma ya ujenzi mpya, Kreditanstalt für Wiederaufbau, ijulikanayo kwa kifupi kama KfW, na Abs akawa mmoja wa viongozi wake wa mwanzo. Utaratibu wake unastahili kuelezwa. Bidhaa za msaada wa Marekani, maarufu kama Mpango wa Marshall, zilipofika Ujerumani hazikugawiwa bure. Waliozipokea walizilipia kwa marki, na fedha hizo zikawekwa katika mfuko wa pekee. KfW ilizikopesha kwa migodi, mitambo ya umeme na ujenzi wa nyumba, zikarudishwa, zikakopeshwa tena. Wanachama wa SACCOS watauelewa mzunguko huo bila maelezo zaidi. Benki hiyo ipo hadi leo, na baadhi ya wasomaji wetu wameliona jina lake kwenye miradi ya maji iliyogharimiwa na Ujerumani, kwa mfano katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro.

London, 1952 na 1953

Ujerumani Magharibi ilipoundwa mwaka 1949 ilirithi madeni ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa ya kabla ya vita: hatifungani za serikali, zikiwemo zile za mikopo ya Dawes ya 1924 na Young ya 1930 iliyotolewa ili Ujerumani iweze kulipa fidia za Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na madeni ya miji, makampuni na watu binafsi. Ya pili yalikuwa ya baada ya vita, hasa misaada ya Marekani na Uingereza, ambayo wakubwa hao walikuwa na haki ya kuidai. Kwa jumla yalikaribia marki bilioni 30.

Tarehe 6 Machi 1951 Adenauer aliziandikia nchi tatu zilizoikalia Ujerumani Magharibi, yaani Marekani, Uingereza na Ufaransa, akikiri kwamba serikali yake inayakubali madeni hayo. Hakuwa na njia nyingine. Bila kukiri deni hakuna ambaye angeikopesha tena Ujerumani. Kisha akamchagua Abs kuongoza ujumbe. Mkutano ulifunguliwa London mwishoni mwa Februari 1952 na kuendelea hadi Agosti, ukiwakutanisha wawakilishi wa serikali za wadai zaidi ya ishirini pamoja na wa mabenki na wenye hatifungani.

Hoja ya Abs ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuitetea: mdaiwa alipe kadiri ya uwezo wake, na uwezo huo upimwe kwa kile anachoweza kukiuza nje. Wadai walikuwa na kumbukumbu iliyomsaidia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles (uleule ulioiondolea Ujerumani makoloni yake, na nchi yetu ikiwemo) uliitwisha nchi hiyo fidia isizoweza kuzibeba, na kila mtu aliyeketi London alijua ni chuki gani iliyochipuka katika udongo huo. Zaidi ya hayo, Marekani iliitaka Ujerumani Magharibi imara dhidi ya Urusi. Huruma haikuwa peke yake mezani, nasi hatuna sababu ya kuipamba.

Matokeo yalikuwa haya. Deni lilipunguzwa hadi kiasi cha marki bilioni 14 na ushei. Marekani peke yake ilishusha dai lake la misaada ya baada ya vita kutoka dola bilioni 3.2 hadi takriban 1.2. Riba zilipunguzwa. Katika miaka mitano ya kwanza Ujerumani ilitakiwa kulipa takriban marki milioni 567 kwa mwaka, kwa sehemu kubwa riba tu, na baadaye milioni 765. Malipo yalikusudiwa kutoka katika ziada ya biashara ya nje, jambo lililomaanisha kwamba wadai waliotaka kulipwa walipaswa kununua bidhaa za Kijerumani. Na ikiwa mambo yangeharibika, pande zote zingekaa tena kuzungumza. Kukaundwa hata mahakama ya usuluhishi yenye makao yake Koblenz, ambamo mdaiwa alikuwa na waamuzi wake sawa na wadai.

Riba fulani iliyolimbikizwa kati ya 1945 na 1952 iliahirishwa hadi siku Ujerumani mbili zitakapoungana, siku ambayo wengi waliokuwepo walidhani hawataiona. Mengine yote yalilipwa, tena baadhi yake kabla ya wakati, kwa sababu uchumi wa Ujerumani Magharibi uliota mbawa. Ingekuwa kosa kusema kwamba mkataba ule peke yake ndio ulioleta ustawi huo. Lakini nchi iliyopona njaa ya 1946 na 1947 haikulazimika kuchagua kati ya kujenga shule na kuwalipa wadai, na hilo si jambo dogo.

Katika lugha ya Kijerumani neno moja, Schuld, hubeba maana ya deni na maana ya hatia pamoja. Huko London yalizungumzwa madeni. Hatia ilikuwa ikizungumzwa mahali pengine, na hapo Abs hakung'ara.

Waliobaki nje ya mlango

Katika miezi ileile ya 1952, huko Wassenaar nchini Uholanzi, ujumbe mwingine wa Ujerumani ulizungumza na Israeli pamoja na wawakilishi wa Wayahudi waliotawanyika duniani kuhusu fidia kwa mateso na mali zilizoporwa. Abs alihofia kwamba Ujerumani ikionesha ina fedha za kuwapa Waisraeli, wadai wa London wangekataa kupunguza madai yao. Alitaka malipo hayo yawe madogo, tena yasubiri mwenendo wa mambo ya London. Wajumbe wawili wa Wassenaar, Profesa Franz Böhm na mwanasheria Otto Küster, waliona huo ni msimamo usiostahimilika: deni la damu haliwezi kupangwa foleni nyuma ya hatifungani. Wakajiuzulu mwezi Mei. Adenauer aliwasikiliza akaamua kinyume cha ushauri wa mwanabenki wake, na tarehe 10 Septemba 1952 akatia sahihi Mkataba wa Luxembourg: marki bilioni 3 kwa Israeli na milioni 450 kwa umoja wa mashirika ya Kiyahudi. Bunge la Bonn liliuridhia Machi 1953, siku chache baada ya mkataba wa London kusainiwa. Hofu ya Abs haikutimia. Mikataba yote miwili ilisimama.

Kulikuwa na kundi lingine ambalo halikuwa na Böhm wala Küster. Wakati wa vita mamilioni ya watu kutoka Poland, Urusi, Ukraine na nchi nyingine walichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika viwanda na mashamba ya Ujerumani. Kifungu cha 5 cha Mkataba wa London kiliahirisha madai yote ya fidia ya vita hadi suluhisho la mwisho la suala hilo, ambalo lilidhaniwa litakuja na mkataba wa amani. Kwa miongo kadhaa mahakama za Ujerumani ziliwarudisha waliowahi kutumikishwa kwa kuwaelekeza kwenye kifungu hicho: dai lako si la sasa, subiri. Wakasubiri. Wengi walizeeka wakisubiri, na wengi zaidi walikufa.

Waamini wetu huusikia kila mwaka, au karibu kila mwaka, mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa asiweze kumvumilia mwenzake mwenye deni dogo, ulioandikwa katika sura ya 18 ya Injili ya Matayo. Hatudai kwamba Abs alikuwa mtumishi yule. Kifungu cha 5 kilikuwa kazi ya serikali nyingi, na Marekani iliutaka pia. Tunasema tu kwamba huruma ya London ilikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo iliwaangukia watu ambao hawakuwa na kiti mezani.

Kilele cha madaraka

Deutsche Bank iliunganishwa upya mwaka 1957, na Abs akawa msemaji wa bodi ya utendaji, ambacho ndicho cheo cha kiongozi wake. Mwaka 1967 alihamia uenyekiti wa bodi ya usimamizi hadi 1976. Mabenki ya Ujerumani yalikuwa, na kwa kiasi fulani bado yako, na desturi ya kumiliki hisa za makampuni na kuketi katika bodi zake, hivyo mwanabenki mmoja aliweza kuwa na sauti katika chuma, umeme, magari na reli kwa wakati mmoja. Abs alikusanya viti vingi kiasi kwamba sheria ya makampuni ya mwaka 1965, iliyoweka kikomo cha viti kumi kwa mtu mmoja, ilibatizwa na watu jina la Sheria ya Abs.

Jambo la miaka hiyo linalotuvutia zaidi lilitokea mbali na Frankfurt. Indonesia ilikuwa imeelemewa na madeni ya enzi ya Rais Sukarno, na mwaka 1969 nchi wadai zilimwomba Abs apendekeze njia ya kutoka. Pendekezo lake, lililokubaliwa mwaka 1970, lilieneza malipo ya deni la msingi katika miaka 30 bila kutoza riba ya ucheleweshaji. Yaani alichukua alichokipata kwa ajili ya nchi yake na kukipeleka kwa nchi maskini ya Asia. Ni jambo la kusikitisha kwamba wadai hawakukubali kuufanya mpango huo kuwa kanuni. Waliuita wa pekee, wakaufunga.

Kanisa na sanaa

Alipostaafu hakukaa kimya. Aliisimamia jumba la sanaa la Städel mjini Frankfurt na chama cha Nyumba ya Beethoven mjini Bonn, kwani muziki ulikuwa mapenzi yake ya tangu ujana. Desemba 1983 aliongoza kundi lililonunua mjini London kitabu cha Injili cha Mtawala Henry Simba, kilichoandikwa kwa mkono na mmonaki Herimann katika abasia ya Wabenedikto ya Helmarshausen katika karne ya 12. Bei ilikuwa zaidi ya pauni milioni 8, na wakati huo hapakuwa na kitabu kilichowahi kuuzwa ghali kuliko hicho. Kinatunzwa katika maktaba ya Wolfenbüttel.

Baada ya Banco Ambrosiano ya Milano kuanguka mwaka 1982 na kuitia doa taasisi ya fedha ya Vatikano, Abs alikuwa miongoni mwa walei wataalamu walioombwa kuishauri Vatikano. Uteuzi huo uliwaumiza Wayahudi wengi, na Kituo cha Simon Wiesenthal kiliupinga hadharani kwa sababu ya mambo tuliyoyaeleza juu ya miaka ya vita. Mwaka 1984 taasisi hiyo ya Vatikano ililipa zaidi ya dola milioni 200 kwa wadai wa benki iliyoanguka, bila kukiri kosa la kisheria. Maumivu ya waliolalamika yalikuwa ya haki, hata kwa wale wanaoamini kwamba ujuzi wa Abs ulihitajika.

Kutoka London hadi Jubilei

Kumbukumbu ya mkataba wa 1953 ililala kwa muda mrefu. Mwaka 1987 Alfred Herrhausen, aliyekuwa akiiongoza Deutsche Bank wakati huo, aliwashangaza wanabenki wenzake kwa kusema wazi kwamba madeni ya nchi za dunia ya tatu hayalipiki yote na sehemu yake ifutwe. Aliuawa kwa bomu tarehe 30 Novemba 1989 huko Bad Homburg. Kundi la kigaidi la Jeshi Jekundu lilidai kuhusika. Kanisa lilikuwa limekwisha kusema kupitia Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, katika tamko la mwezi Desemba 1986 kuhusu maadili ya madeni ya kimataifa. Hapa kwetu, Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alikuwa akihoji tangu katikati ya miaka ya 1980 kama ni haki madeni yalipwe kwa njaa ya watoto.

Tarehe 10 Novemba 1994, miezi tisa baada ya Abs kufariki, Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa Barua ya Kitume Tertio Millennio Adveniente, na katika namba 51 akapendekeza Jubilei iwe wakati wa kupunguza kwa kiasi kikubwa, kama si kufuta kabisa, madeni yanayozikaba nchi nyingi. Wanaharakati wa Ujerumani wakaufukua mkataba wa London na kuuliza swali lililokuwa gumu kujibiwa: kwa nini sisi tulisamehewa? Nchi tajiri zilipokutana Köln mwezi Juni 1999, mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini sana ulipanuliwa. Uganda ilikuwa imetangulia kunufaika mwaka 1998. Tanzania ilifikia hatua ya mwisho Novemba 2001, kwa unafuu uliokadiriwa kuwa dola bilioni 3 kadiri miaka ingekwenda, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa.

Tofauti na London ni kubwa. Abs aliketi mezani mbele ya wadai wote kwa pamoja, akakuta wako tayari kununua bidhaa za nchi yake, na nyuma yake palikuwa na mahakama ya usuluhishi. Nchi zetu zilipita mlango mmoja baada ya mwingine, kwa masharti yaliyoandikwa na wadai wenyewe, na hadi leo hakuna mahakama ya namna ile ya Koblenz kwa ajili ya nchi yenye deni.

Ujerumani iliungana tena tarehe 3 Oktoba 1990, na ile riba iliyoahirishwa ikawa hai. Suala la waliotumikishwa kwa nguvu likafunguka pia, baada ya mashauri mengi na shinikizo kutoka nje. Mwaka 2000 serikali na makampuni ya Ujerumani yaliunda mfuko wa marki bilioni 10, na kati ya 2001 na 2007 watu wapatao milioni 1.66 walilipwa, zaidi ya nusu karne baada ya kuachiwa huru. Malipo ya mwisho ya hatifungani za kabla ya vita yalifanyika tarehe 3 Oktoba 2010.